Nyoka Aliyetuzuia Njia

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, alinipa kichwa cha habari “Manufaa ya Kompyuta kwa Vijana Wetu.” Nilimjibu kwamba kichwa hicho ni kizito mno kwa mtu mmoja aliyepewa nusu saa kabla ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe nasikia ni pilau. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nikate kipande kidogo tu, nacho ni ile michezo ya zamani ya kompyuta, ya kuandika maneno, na ile iliyoifuata ya kubofya picha. Najua wako watakaonong’onezana kwamba mzee mzima amepanda jukwaani kuzungumzia michezo. Nawaomba wanivumilie. Alasiri tutajadili mchango wa chumba cha kompyuta pale shuleni, na mimi nina ombi linalohusu chumba hicho.

Wengi wenu mtakumbuka kwamba sisi tulimaliza kidato cha sita mwaka 1981 bila hata mmoja wetu kuigusa kompyuta. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini tangu mwaka 1974. Mashine kubwa kuliko zote tuliyoijua ilikuwa jenereta ya shule, na hiyo nayo ilikuwa na siku zake za kugoma, tukasomea karabai. Mimi niliiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 1984 nilipokwenda Uingereza kusomea uhandisi. Tulipewa saa za kuitumia usiku, wakati wakubwa hawaihitaji, na ndani yake palikuwa na mchezo ambao hakuna aliyetuambia tusiuguse.

Vijana waliopo hapa wasifikirie picha. Hapakuwa na picha wala sauti. Palikuwa na kioo cheusi na maneno ya kijani. Kompyuta inakueleza kwamba umesimama mwisho wa njia, mbele yako kuna nyumba ndogo ya matofali, na kijito kinatiririka bondeni. Halafu inanyamaza, inakungoja. Wewe unaandika maneno mawili kwa Kiingereza: CHUKUA TAA. FUNGUA MLANGO. NENDA KUSINI. Inakujibu yaliyotokea, kisha inanyamaza tena. Basi, mchezo ni huo.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuficha jinsi jambo hilo lilivyonigusa. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu. Darasani nilifuata vizuri, lakini wenzangu walipofanya mzaha katika chumba cha chai mimi nilicheka nyuma yao, kama mwangwi. Na hapa palikuwa na mzungumzaji wa Kiingereza ambaye yeye mwenyewe hakuelewa zaidi ya maneno mawili kwa wakati mmoja! Tulikuwa sawa. Tena katika kila neno alisoma herufi tano za kwanza tu, zilizobaki akazitupa. Sikuwahi kukutana na Mwingereza mwenye subira kama ile.

Mchezo ule aliuanzisha Mmarekani aitwaye Will Crowther, kati ya mwaka 1975 na 1976. Alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya BBN huko Massachusetts, mmoja wa watu walioujenga mtandao wa ARPANET uliokuja kuizaa intaneti ya leo. Lakini siku za mapumziko yeye na mkewe, Patricia, walikuwa watu wa mapango. Walikuwa wakienda Kentucky kupima njia za chini kwa chini za Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yajulikanayo duniani, na Patricia alikuwamo katika kundi lililogundua mwaka 1972 kwamba njia za Flint Ridge zinaungana na pango hilo. Vipimo vya pango Crowther alivitia katika kompyuta ili apate ramani. Ndoa yao ikavunjika, naye akaacha kwenda pangoni. Ndipo akaandika mchezo, ili binti zake wawe na kitu cha kuchezea wanapokwenda kumtembelea. Na pango alilolitia ndani ya mchezo ni lile lile aliloliacha, sehemu iitwayo Bedquilt, kwa vyumba vyake na njia zake.

Mwaka mmoja hivi baadaye kijana wa chuo kikuu cha Stanford, Don Woods, aliukuta mchezo huo katika kompyuta ya chuo. Alitaka ruhusa ya kuuongeza, lakini hakujua mwenyewe yuko wapi. Basi akapeleka ujumbe kwa jina la Crowther katika kila kompyuta iliyokuwa kwenye mtandao. Siku zile jambo hilo liliwezekana. Akajibiwa, na mwaka 1977 mchezo ukatoka ukiwa na hazina zaidi, vibete wenye kurusha mashoka, haramia mwizi, na alama 350 kwa atakayemaliza yote. Alama ya mwisho kabisa, ya 350, hupatikana kwa kuliacha jarida mahali fulani pangoni. Mhariri wetu asichukulie vibaya.

Sasa nije kwa nyoka. Ukishuka chini unafika katika ukumbi mkubwa, na humo nyoka mkali wa kijani amekukingia njia. Tulijaribu kumpiga. Tulijaribu kumlisha. Mwenzangu wa chumba cha jirani, Mgiriki aliyekuwa akisoma madaraja na barabara, alijaribu kumwomba radhi. Nyoka hakuondoka, nasi tulikaa mbele yake wiki tatu. Hapo ndipo nilipojifunza nini hasa ulikuwa utamu wa michezo ile. Saa zetu za kompyuta zilikuwa mbili kwa usiku, lakini nyoka tulikuwa naye saa ishirini na nne. Nilikuwa nikimfikiria nikipanga foleni ya chakula. Mgiriki alikuwa akigonga ukuta saa sita za usiku kwa sababu amepata wazo, na mara nyingi wazo lilikuwa bovu. Tulichora ramani katika daftari la hesabu, karatasi kwa karatasi. Kuna mahali njia zote zinafanana hata huwezi kujua umekwisha kupita au la. Basi unaacha kitu kimoja katika kila chumba, huku taa, kule chupa, kama sisi tulivyokuwa tukivunja vijiti njiani tulipokwenda kutafuta kuni za shule. Mgiriki hakulijua hilo, nilimfundisha mimi. Wiki tatu zile, na ilikuwa ni majira ya baridi, ndizo zilizonipa rafiki wa kwanza katika nchi ile.

Ninyi nyote mnajua kitu cha namna hii, maana mmelelewa nacho. Bibi anasema “Kitendawili!” nasi twaitika “Tega!” Akatega. Ukishindwa huambiwi jibu bure. Unaambiwa utoe mji. Unampa Tabora, unampa Mombasa, anakwenda, anakula, anastarehe, halafu ndipo anakupa jibu lake huku akikucheka. Wazee wale waliona mbali. Walijua kwamba jibu lisilo na gharama halikai kichwani.

Na Wamarekani nao walikuja kuuza miji. Mwaka 1979 baadhi ya watu wa chuo cha MIT, ambako mchezo mkubwa uitwao Zork ulikuwa umeandikwa, walianzisha kampuni iitwayo Infocom, na Zork ya kwanza ikaanza kuuzwa mwaka 1980. Kompyuta yao ilielewa sentensi nzima, si maneno mawili. Wachezaji waliokwama waliandika barua nyingi kuomba msaada, basi kampuni ikachapa vitabu vya madokezo kwa wino usioonekana. Unapaka kalamu ya dawa juu ya karatasi, linatokea dokezo la kwanza, hafifu tu. Ukishindwa tena unapaka mstari wa pili. Jibu lenyewe ni la mwisho. Mtu mwenye haya alijizuia katikati. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Activision mwaka 1986 na kufungwa mwaka 1989.

Wakati huo picha zilikuwa zimekwisha kuingia. Bibi Roberta Williams wa California aliucheza mchezo wa pango, ukamkolea, na mwaka 1980 yeye na mumewe, Ken, wakatoa Mystery House, wenye michoro ya mistari mitupu kama ya mtoto wa darasa la pili. Mwaka 1984 wakaja na King’s Quest, ambao mtu wake hutembea kwenye kioo. Baadaye kampuni ya Lucasfilm ikaondoa kabisa kuandika. Katika Maniac Mansion wa mwaka 1987, kazi ya Ron Gilbert na Gary Winnick, vitenzi vimepangwa chini ya picha, CHUKUA, FUNGUA, SUKUMA, VUTA, nawe unabofya kitenzi, kisha unabofya kitu. Watu wa maneno, mimi nikiwamo, tulinung’unika. Lakini haki isemwe, kazi ile ilikuwa nzuri.

Hata hivyo kukwama kuna halali na kuna haramu. Katika King’s Quest V wa mwaka 1990 unapata pai. Ukiila kwa sababu una njaa, mchezo unaendelea kana kwamba hakuna neno, mpaka baadaye kabisa unakutana na dubwana la milima ya theluji, ambalo dawa yake ilikuwa kulirushia ile pai usoni. Huna pai, basi safari imekwisha, anza upya. Huo si ufumbo, ni ujambazi. Gilbert mwenyewe aliandika makala mwaka 1989 kuyapinga mambo kama hayo, na mwaka 1990, pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman, akatoa The Secret of Monkey Island, ambao ndani yake ni shida hata kufa. Humo wapiganaji wa panga hawashindani kwa nguvu za mkono. Mmoja hutoa tusi, na mwenzake sharti ajibu kwa jibu linalolikata tusi hilo. Anayekosa jibu anarudi nyuma. Unajifunza matusi kwa kushindwa kwanza. Halafu unakutana na bingwa ambaye matusi yake ni mengine kabisa, nawe inakubidi utafute, kati ya majibu uliyo nayo, lipi linaingia. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Mtu aliyekulia penye utani wa msibani haoni jambo geni hapo.

Lakini mchezo wa pili wa mfululizo huo, wa mwaka 1991, ndio ulionifungua macho kwa jambo ninalotaka kulisema leo. Mahali fulani unatakiwa kufunga bomba la maji, na huna spana. Jibu ni kumchukua kima aliyepumbazwa kwa ndizi inayoyumba, ukamtumia kama spana, mkia na mikono. Kwa nini? Kwa sababu Wamarekani wana aina ya spana ambayo jina lake lina neno kima ndani yake. Hiyo tu ndiyo sababu! Hata Mwingereza, ambaye spana ile anaiita kwa jina jingine, aliachwa hewani. Sisi nasi spana ya kufungua na kubana tuna jina letu la karakana, ambalo sitalitaja mbele ya mabibi na walimu wetu. Na fundi yeyote wa hapa angeweza kutunga fumbo juu yake ambalo Mmarekani asingelitegua hadi kesho.

Hapo nikaona kwamba tulikuwa tukikwama katika lugha ya watu. Kwa hiyo nikaanza kujiuliza mchezo wa maneno wa Kiswahili ungekuwaje, na nimelifanyia kazi swali hilo tangu nistaafu, kidogo kidogo, kwenye meza ya jikoni.

Ule mtindo wa kusoma herufi tano za kwanza hautufai hata kidogo, maana sisi neno letu tunalivisha mbele. Nachukua, nimechukua, ichukue, kichukue. Shina limejificha ndani, nayo mashine itakuwa imesoma kofia tu. Programu ya Kiswahili lazima ivue viambishi kwanza. Halafu dira. Mwingereza huandika herufi moja tu kwa kila upande, kwa kuwa pande zake nne zinaanza kwa herufi nne tofauti. Sisi kaskazini na kusini zote ni K, mashariki na magharibi zote ni M. Mjukuu wangu na mimi tumepatana KS na KU, MS na MG, baada ya mabishano.

Lakini sikilizeni hili. Mwingereza akisema “kitwae hicho,” neno lake halioneshi ni kitu gani. Programu za Infocom zilichukulia tu kwamba ni kile kilichotajwa mwisho. Wekeni sasa chumbani taa, kisu, sanduku na paka. Mchezaji wetu akiandika ICHUKUE, ni taa. KICHUKUE, ni kisu. LICHUKUE, ni sanduku. MCHUKUE, ni paka. Ngeli zile tulizokuwa tukichapiwa viboko kwa kuzikosea zinaiambia mashine jambo ambalo Mwingereza hawezi kuiambia kwa neno moja. Kweli, ukiweka taa na kamba pamoja, zote ni za ngeli moja, itabidi mashine iulize. Lakini hata kwa kiasi hicho ni faida, na sijui kwa nini tuiache ioze.

Wala vyombo vya kazi si ghali. Mwingereza Graham Nelson alitoa mwaka 1993 lugha ya kutungia michezo hii, iitwayo Inform, na watu wameitafsiria maktaba zake kwa Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano. Inapatikana bure. Michezo ya zamani nayo haikutupwa. Programu ya ScummVM, iliyoanzishwa mwaka 2001 na vijana wawili, Ludvig Strigeus na Vincent Hamm, inaiwezesha ile ya kubofya kuchezwa kwenye mashine za leo. Mwezi Novemba 2025 Microsoft, ambayo sasa ndiyo mwenye Activision, iliruhusu mtu yeyote kuyasoma na kuyatumia maandishi ya programu za Zork tatu za kwanza. Na ile programu ya awali ya Crowther, ambayo watu walidhani imepotea, ilipatikana katika mafaili ya zamani ya Don Woods kule Stanford. Mtafiti Dennis Jerz alikwenda nayo Kentucky mwaka 2005, akaingia pangoni, na mwaka 2007 akachapisha alichokiona, kwamba vyumba vimo kama vilivyoandikwa. Crowther alikuwa ameacha kwenda, lakini pango lilikuwa limekwisha kuingia katika maneno, na binti zake waliweza kutembea humo.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni hili. Asubuhi tulitembezwa shuleni. Nimeliona bwalo jipya, ni zuri, lina feni. Lakini mabweni ya mwanzo hayapo. Jiko lenye dohari lililokuwa likitupa moshi darasani halipo. Kisima kimefukiwa. Ule mwembe uliokuwa ofisi ya viranja umekatwa, na kijana aliyekuwa akitutembeza, mwenye heshima zake, hakujua ninamwuliza mwembe gani. Mwaka jana tulikuwa mia na kitu katika mkutano huu. Leo nimehesabu themanini na sita, na mmesikia majina yaliyosomwa wakati wa kusimama kimya.

Naomba, katika chumba cha kompyuta tutakachokichangia, mashine moja, moja tu, isiunganishwe na intaneti. Iwekewe vyombo vya kutungia, na wanafunzi wa klabu ya Kiswahili na ya hisabati wakae pamoja waitunge shule yetu kama ilivyokuwa, kwa Kiswahili, mtu aweze kuiingia usiku kwa taa ya chemli na kutoka bwenini hadi kisimani bila kukamatwa na mwalimu wa zamu. Mashine isiwe na intaneti kwa sababu mkishaweka majibu karibu, hakuna atakayegonga ukuta wa mwenzake. Mwalimu mmoja kijana ameniambia leo hii kwamba wanafunzi watachoka na kukimbia. Huenda. Sisi tulikimbia hisabati, lakini hamkuzifuta kwenye ratiba.

Vyumba wao hawavijui. Sisi ndio tunaovijua. Kwa hiyo nimepanga karatasi mezani, karibu na birika la chai, kila moja ina jina la mahali: bwalo, ghala, stoo ya majembe, zahanati, nyuma ya maabara. Chukueni moja kila mmoja, mwandike mistari kumi: ukisimama pale unaona nini, unasikia harufu gani, njia zinatokea wapi, na kitu gani kimefichwa. Waliotumia njia ya nyuma ya maabara wanajifahamu, na muda wa kuwaadhibu umepita. Bweni la kwanza nimekwisha kulichukua mimi, lakini sikumbuki kama mlango wa kuogea ulifungukia ndani au nje, na waliolala humo tumebaki wanne. Naomba tukutane wakati wa pilau.

Kuhusu yule nyoka, naona mikono imekwisha kunyooshwa. Nipeni mji kwanza.